Kwa Nini Nilishuka Basi

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja katika bwalo la shule, usiku wa mkutano mkuu wa mwaka, baada ya chakula. Inachapishwa kwa idhini yake, kwa maombi ya waliokuwepo.)



Barua ya Kamati iliponifikia, ikinitaka nizungumze juu ya afya, nilidhani wamekosea anwani. Mwaka jana mwenzetu daktari alizungumza juu ya kisukari, akazungumza vizuri sana, nasi tukarudi nyumbani tukaacha sukari kwenye chai kwa muda wa majuma mawili. Mimi si daktari. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Mkinipa vigingi nitawaonyesha mpaka wa shamba, lakini mwili wa binadamu sikuusomea. Hata hivyo Katibu wetu alijua anachokitafuta. Yeye ndiye mtu pekee katika Umoja huu niliyewahi kumweleza kwa nini sikufika Songea mwaka 2013. Aliniambia, "Kaka, kawaeleze na wengine." Basi nimekuja kuwaeleza.

Wengi mnakumbuka. Mwaka ule alifariki aliyekuwa kiranja mkuu wetu, ghafla, kwa moyo. Nilikaa naye dawati moja tangu kidato cha tatu. Wenzetu wa Dar es Salaam mlichanga rambirambi, mkaniteua mimi niipeleke, maana kila mtu alijua tulivyokuwa. Rambirambi ilifika, kwa simu. Mimi sikufika. Nilisema malaria imeniangusha. Haikuwa kweli. Nayajua yaliyosemwa baadaye: wako waliosema nililewa, na wako waliosema nilikuwa na ugomvi wa siku nyingi na marehemu. Siwalaumu. Mtu asipomzika rafiki yake bila sababu ya maana, watu watamtafutia sababu. Leo nawapa ile ya kweli.

Lazima nianze nyuma kidogo. Mwaka 2011, nami nina miaka 52, nilikuwa nakaa Kigamboni na kazi yangu iko mjini, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka kwa pantoni. Wasioijua Kigamboni ya siku zile, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2016, nawaeleza: unakata tiketi, unaingia kwenye banda la kusubiria, geti linafungwa, na mnabanana humo mpaka chombo kifike. Asubuhi hiyo sikuwa na wazo lolote baya. Nilikuwa nikipiga hesabu ya posho za vibarua. Mara moyo ukaruka, kama mtu aliyekosea ngazi gizani, kisha ukaanza kudunda kwa kasi ambayo sijapata kuisikia nikiwa nimesimama. Kifua kikabana. Pumzi ikawa haishuki; navuta, navuta, haitoshi. Jasho jembamba likanitoka ilhali mikono imekuwa baridi. Midomo ikaingia ganzi, kisha vidole, na vidole vya mkono wa kulia vikajikunja vyenyewe, nikawa siwezi kuvinyoosha. Watu wote waliokuwa mbele yangu wakaonekana kama wako nyuma ya kioo. Nikajua, ndugu zangu, sikudhani, nilijua, kwamba nakufa pale pale na tiketi yangu mkononi.

Vijana wawili nisiowajua walinitoa nje na kunipakia kwenye teksi. Hospitali niliyopelekwa sitaitaja, kwa sababu waliyonifanyia mengi yalikuwa mema: walinipima presha, wakanipima kwa ile mashine ya umeme wa moyo, wakachukua damu. Wakati majibu yanakuja nilikuwa nimeshatulia, naona hata haya. Daktari akasoma karatasi, akasema, "Mzee, huna kitu." Kisha akaita mgonjwa mwingine.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Kwa daktari, "huna kitu" ni habari njema. Kwa mtu ambaye nusu saa iliyopita alikuwa anatubu dhambi zake kwenye banda la pantoni, si habari njema hata kidogo. Maana yake ni moja kati ya mawili: ama ugonjwa upo na wameshindwa kuuona, ama mimi ni mwongo. Nilirudi nyumbani na yote mawili kichwani.

Baada ya majuma matatu ilinipata tena, nikiwa kwenye foleni ya benki. Kisha usiku, usingizini, jambo ambalo lilinitisha kuliko yote. Niliamka nimekaa kitako, moyo unadunda, mama watoto ananishika mabega. Ndugu wakaanza kutoa maoni. Mmoja akasema presha. Mwingine akasema nimerogwa na watu wa mgogoro fulani wa mpaka niliowahi kuupima, na akanipeleka mahali ambapo sitapaeleza mbele ya walimu wangu. Mimi mwenyewe nikanunua mashine ndogo ya kupimia presha. Nilijipima asubuhi, mchana, jioni, na kila nikishtuka. Kila nikijipima kwa hofu, inapanda; kila ikipanda, naogopa zaidi. Nilifika kujipima mara kumi na tano kwa siku moja. Mama watoto aliificha ile mashine kwenye pipa la mchele, nami nikaitafuta mpaka nikaipata.

Kisha nikaanza kuacha mambo. Kwanza pantoni: nikawa nazunguka kwa barabara ya Kongowe na Mbagala, saa mbili barabarani kukwepa safari ya dakika chache majini. Kisha benki, nikamtuma kijana wangu. Kisha kanisani nikawa nakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kisha harusi. Kisha daladala, isipokuwa kama napata kiti cha mlangoni. Mimi niliyekuwa nikipima mashamba ya watu, shamba langu mwenyewe likawa linapungua kila mwezi, na aliyekuwa anasogeza vigingi ni mimi.

Naomba mnielewe vizuri, maana wengine hapa mnanijua tangu utoto. Sikuwa mtu mwoga. Nimelala kwenye hema Rukwa huku simba wananguruma usiku kucha, na asubuhi tukaendelea kupima. Kuogopa simba ni jambo la akili timamu, na simba akienda zake hofu nayo inaondoka. Mimi sasa nilikuwa naogopa moyo wangu, ambao siwezi kuondoka nikauacha.

Katika hali hiyo ndipo mliponikabidhi rambirambi.

Tulipanga niondoke Ubungo kwa basi la Songea, saa kumi na mbili alfajiri. Usiku huo sikulala. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: yeye alikuwa na umri wangu, alikuwa na nguvu kuliko mimi, na moyo umemwangusha. Nilifika kituoni saa kumi na moja. Kiti changu kilikuwa cha dirishani, safu ya katikati. Akakaa kando yangu mama mmoja na mtoto, mizigo ikajazwa njiani, kondakta akafunga mlango, injini ikawaka. Ikaja. Moyo, pumzi, ganzi, vidole, yote kwa pamoja, na juu yake wazo kwamba sasa tunakwenda Mikumi, tunakwenda Kitonga, hakuna hospitali, hakuna wa kunishusha. Nikasimama. Nikaruka mizigo ya watu. Nikamwambia kondakta afungue, na nadhani nilimfokea. Basi likaondoka.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara karibu na wauza machungwa. Na sasa sikilizeni, maana hili ndilo lililonichukua miaka mingi kulielewa. Baada ya kama dakika kumi nilikuwa mzima. Moyo umetulia, vidole vimenyooka, pumzi inashuka mpaka chini. Kwa foleni ya alfajiri ya siku zile, basi lile lilikuwa halijafika hata Kimara. Lakini mimi sikusema, "Imepita yenyewe." Nilisema, "Nimepona kwa sababu nimeshuka." Nikatuma fedha kwa simu, nikatunga malaria, nikarudi nyumbani. Rafiki yangu akazikwa siku iliyofuata bila mimi.

Baada ya hapo ndipo nilipokubali kutafuta msaada wa namna nyingine. Nakiri ilinichukua miezi, kwa sababu ya neno moja tunalolijua wote. Tulipokuwa wanafunzi hapa, mtu akicheka peke yake tulimwambia atapelekwa Mirembe. Tulicheka sana. Hatukujua kwamba mzaha ule unawekwa akiba, na kwamba siku moja tutakatwa nao. Nilipoelekezwa kwenye kliniki ya magonjwa ya akili nilivaa kofia na kuishusha mpaka machoni.

Aliyenipokea hakuwa daktari bingwa, bali muuguzi wa magonjwa ya akili, msichana wa umri wa binti yangu wa mwisho. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." Akasoma karatasi zangu zote za vipimo, moja moja, bila haraka. Kisha hakuniambia sina kitu. Aliniambia, "Baba, unacho kitu. Moyo wako mzima, lakini hayo unayoyasikia ni ya kweli kabisa, na yana jina." Nilitaka kulia.

Akaniuliza kama nilipokuwa kijana nilicheza michezo. Nikamwambia nilikuwa mkimbiaji, wa pili katika mbio za nyika za shule mwaka 1977. Nilitaka ajue hata kama ni mzee wa kofia. Akaniuliza, "Ulipofika juu ya mlima, moyo ulikuwaje?" Nikasema unadunda mpaka masikioni. "Na pumzi?" Nikasema haitoshi. "Na miguu?" Inatetemeka. "Na ulidhani unakufa?" Nikasema hapana, nilidhani nashinda. Akanyamaza kidogo aniache nijisikie nilichosema.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinikalisha kwenye kiti, akatazama saa yake, akaniomba nipumue haraka na kwa nguvu kwa dakika moja, yeye akipumua pamoja nami. Alikuwa ameshahakikisha kwamba moyo na mapafu yangu ni salama. Asilijaribu mtu nyumbani kabla hajapimwa. Kabla dakika haijaisha midomo iliingia ganzi. Kizunguzungu kikaja. Vidole vikaanza kuvuta. Chumba kikawa kama kiko nyuma ya kioo. Vyote vile vya pantoni, nimeviita mwenyewe, kwenye kiti, mchana, mbele ya msichana anayetabasamu. Akasema, "Sasa pumua kawaida, baba, na usifanye lolote lingine." Vikaondoka kama vilivyokuja.

Mwalimu wetu wa baiolojia yuko hapa leo, kwa hiyo nitaeleza kwa woga, naye atanisahihisha. Mwili una king'ora. Kikilia, tezi zilizoko juu ya figo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unakwenda mbio ili damu ifike kwenye misuli ya miguu na mikono. Damu inapungua kwenye ngozi, ndiyo sababu mikono inakuwa baridi. Na tumboni pia, ndiyo sababu tumbo linavuruga. Jasho linatoka ili mwili usichemke. Pumzi inakwenda haraka kuleta hewa. Yote haya ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Mwanasayansi Mmarekani, Walter Cannon, aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1915. Simba akiwepo, ni maandalizi mazuri sana.

Shida ni pale king'ora kinapolia na simba hayupo. Umesimama kwenye foleni, hukimbii, lakini unapumua kama mkimbiaji. Unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, na damu inapungukiwa na hewa hiyo tuliyozoea kuiita chafu. Ikipungua, mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inajibana kidogo: ndicho kizunguzungu, ndicho kile kioo. Mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kushtuka: ndiyo ganzi ya midomo na vidole kujikunja. Na ajabu yake ni kwamba unajiona huna hewa wakati damu yako imejaa oksijeni ya kutosha. Unavyozidi kuvuta ndivyo mambo yanavyozidi kuharibika.

Kisha akili inayatazama yote haya na kutoa hukumu: nakufa. Hukumu hiyo inakipiga king'ora upya. Ni duara. Mwingereza mmoja, David Clark, alilieleza duara hili katika makala yake ya mwaka 1986: kwamba kinacholikoleza shambulio ni ile tafsiri tunayoipa dalili za mwili. Nami naweza kumshuhudia. Moyo wa mlimani na moyo wa pantoni ni ule ule, na adrenalini ni ile ile.

Niliuliza juu ya kuzimia, maana hicho ndicho nilichokiogopa kuliko vyote, kuanguka mbele za watu. Muuguzi akaniambia kwamba kwa kawaida mtu anazimia presha ikishuka, ilhali katika shambulio la hofu presha inapanda. Kwa hiyo unajiona unazimia lakini ni nadra sana kuzimia. Wanaoanguka wakiona damu au sindano ni habari nyingine. Na wale wenzetu waliokuwa wakianguka paredi hapa uwanjani, wakati bwana paredi anakagua kucha mmoja mmoja, wao walisimama juani bila kutikisika, damu ikatuama miguuni. Hawakuwa waoga, na nadhani baadhi yenu mnadaiwa radhi.

Nilitaka pia kujua kama ni mimi peke yangu, au ni ugonjwa wa siku hizi wa watu wa mjini. Wala. Daktari wa Kimarekani aitwaye Da Costa aliandika mwaka 1871 juu ya askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka 1861 hadi 1865: vifua vinauma, mioyo inakwenda mbio, pumzi fupi, na wengi wao akiwapima haoni ubovu wa moyo. Walikuwa askari, ndugu zangu, si watu wa kuogopa pantoni. Sisi tulipomaliza kidato cha sita mwaka 1979, ugonjwa huu ulikuwa bado haujapewa mahali pake peke yake katika kitabu kikuu cha madaktari wa akili wa Marekani. Ulipewa mwaka uliofuata, 1980. Na Australia alikuwapo daktari mwanamke, Claire Weekes, ambaye yeye mwenyewe ujanani aliteswa na moyo wa kudunda, mpaka rafiki yake aliyepigana vita vya kwanza vya dunia alipomwambia kwamba mioyo ya askari mahandakini ilikuwa hivyo hivyo, kwa hofu. Mwaka 1962 alitoa kitabu kwa watu wa kawaida. Shauri lake kwa ufupi ni hili: ikabili, ikubali, elea juu yake, acha muda upite. Mtu aliyekulia kando ya maji anajua kuelea ni nini. Anayepigana na maji ndiye anayezama.

Ndilo alilonifundisha yule binti. Shambulio lina kilele, na aghalabu kilele kinafikiwa ndani ya dakika kumi, kisha linashuka lenyewe kwa sababu mwili hauwezi kuendelea na mbio hizo. Mimi kila mara nilikuwa nakimbia kabla ya kilele au juu yake, kwa hiyo sikupata kuona linavyoshuka. Kila nilipokimbia nilijifundisha kwamba kukimbia ndiko kulikoniokoa. Dawa ilikuwa ni kubaki.

Kusema ni rahisi. Tulianza na vitu vidogo. Kupanda ngazi za ofisi mbio ili moyo udunde kwa makusudi, kisha nikae niusikilize. Kuzunguka kwenye kiti cha ofisini mpaka kizunguzungu kije. Mhudumu wetu aliniona siku moja akafunga mlango taratibu. Kisha, mwaka 2014, pantoni. Siku ya kwanza mama watoto alinisindikiza. Siku ya pili alibaki ng'ambo. Nililipa shilingi 200 kwenda na 200 kurudi, nikiwa sina shughuli yoyote upande wa pili, mara nne kwa asubuhi moja, mpaka mkata tiketi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Shambulio lilikuja safari ya kwanza na ya pili. Nilibaki. Nilijiambia, "Hii ni adrenalini, naijua, na ipite." Nilipumua kwa tumbo, nikitoa pumzi polepole kuliko nilivyoiingiza. Sikufanya hivyo ili kuifukuza hofu, maana ukiisubiri iondoke haiondoki. Nilifanya ili nisiiongezee kuni. Safari ya nne nilichoka tu.

Juu ya dawa nitasema kidogo. Kabla ya kliniki nilikuwa nimezoea vidonge vya kutuliza, vile vya diazepamu, ambavyo mtu alinipa kwa nia njema. Vinafanya kazi haraka, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mwili unavizoea, na kuviacha ghafla baada ya muda mrefu ni hatari. Mimi nilipunguziwa kidogo kidogo chini ya uangalizi. Ziko dawa nyingine zinazotumika dhidi ya mfadhaiko, ambazo huchukua majuma kadhaa kabla hujaona nafuu. Nilizitumia kwa mwaka mmoja na sioni aibu. Kahawa nimepunguza, maana yenyewe tu inaudundisha moyo. Pombe ilinidanganya usiku na kunidai asubuhi. Ule ushauri wa zamani wa kupumulia kwenye mfuko wa karatasi uacheni. Kama kumbe ni moyo au pumu, mfuko unaweza kukudhuru.

Na hapa nasimama kwa ukali kidogo, kwa sababu umri wetu si wa mchezo. Mtu asitoke humu akasema, "Fulani alisema kifua kikibana ni hofu tu." Rafiki yetu alikufa kwa moyo, si kwa hofu. Maumivu ya kifua, hasa yanayokuja ukifanya kazi au yanayokwenda kwenye mkono au taya, ni ya hospitali, upesi, na kila dalili mpya ni ya hospitali. Tezi ya shingo ikizidi kazi inaleta moyo wa kudunda. Upungufu wa damu unauleta. Sukari ikishuka kwa anayetumia dawa za kisukari inaleta jasho na kutetemeka kama kule kwangu. Upimwe kwanza. Ukishapimwa, na ukapimwa sawasawa, na bado inakuja, ndipo haya niliyoyasema yanapoanza. Mimi nilifanya kinyume: nilipimwa nikakataa kuamini, nikaendelea kupimwa. Hilo nalo ni ugonjwa.

Namalizia safari yangu. Mwaka 2015 nilikata tiketi ya Songea. Nilichukua kiti cha dirishani, safu ya katikati, kwa makusudi. Kimara tukapita. Morogoro tukapita. Pale Kitonga, basi linapanda kwa gia ya kwanza, bonde upande mmoja, lori limeharibika mbele yetu na sote tumesimama, ikaja. Ilikuja na vyombo vyake vyote. Nilishika kiti cha mbele. Nikaiambia, "Karibu." Bibi aliyekaa kando yangu alidhani namwambia yeye, akanipa karanga. Nikala karanga huku moyo unadunda na vidole vina ganzi. Nadhani ndizo karanga zilizonichukua muda mrefu zaidi kutafuna maishani mwangu. Tulipofika Ilula na wauza vitunguu wakajaa madirishani, nilikuwa natoa kichwa nje nabishana bei.

Songea nilikwenda kaburini kwanza, kisha nyumbani. Nilimweleza mke wa marehemu kila kitu kama nilivyowaeleza ninyi, pamoja na ile malaria. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shemeji, miaka miwili yote mimi nilijua mlikosana, na nilikuwa nikitafuta katika barua zake mlikosania nini." Sikuwa na la kujibu, na sina mpaka leo. Akaamka akaweka chai.

Bado inanitembelea, mara moja moja. Mara ya mwisho ilikuwa ni nilipoisoma barua ya Kamati. Nimeona wengine wenu wakiinamisha vichwa wakati nazungumza, nami sitawatazama sana. Nimepangiwa chumba katika lile bweni letu la zamani, upande wa mnara wa maji, na silali mapema. Kesho ratiba inasema saa kumi na mbili asubuhi tutatembea njia ya mbio za nyika mpaka kileleni, kila mtu kwa mwendo wake. Tutakutana kwenye mlingoti wa bendera.